SIMU INAPOOMBA RUHUSA, NA ITAJE SABABU



Katika mkutano wa tawi uliopita jambo moja lilizuka mwishoni kabisa, wakati wengi walikuwa wamekwisha shika kofia zao, na kwa hiyo halikupata kuzungumzwa sawasawa. Ni jambo la programu za simu ambazo siku hizi twaambiwa tuzitie katika simu zetu wenyewe kwa ajili ya kazi. Baadhi ya wenzetu walisema ni jambo dogo, la vijana, tusipoteze saa. Sisi tunaokaa huku Matayos na kufanya kazi ya reli Malaba twaliona ni jambo la chama kabisa, kama mshahara na saa za kazi, na twaomba nafasi katika karatasi hii tueleze kwa nini.

Jambo lenyewe ni hili. Ukitia programu mpya katika simu haikawii kukuuliza maswali. Je, waruhusu ijue mahali ulipo? Waruhusu ifungue majina ya watu wako? Waruhusu isikilize kwa maikrofoni? Chini yake pana mahali pa kukubali na mahali pa kukataa, basi. Kwa nini yataka kujua, mara nyingi haisemi. Itakaa na habari zako muda gani, haisemi. Ukikataa itakuwaje, haisemi. Sisi twasema kwamba anayetengeneza programu lazima aeleze, pale pale anapouliza, kwa maneno machache ya lugha ambayo mtu wa kazi aifahamu. Asiyetaka kueleza asipewe.

Watu wa reli hawawezi kuliona sharti hili kuwa geni. Katika njia moja kama yetu, ambapo gari linalopanda kwenda Eldoret na gari linaloteremka kuja Malaba hutumia reli zile zile, dereva haondoki stesheni kwa neno tupu. Hupewa ruhusa ya njia. Ruhusa hiyo, iwe ya karatasi au iwe ya maneno ya redio yaliyoandikwa na kusomwa tena, hutaja gari gani, kutoka stesheni gani, mpaka stesheni gani. Akifika pale imekwisha. Hawezi kuichukua ile ya asubuhi akaitumia jioni, wala ile ya mpaka Bungoma akaenda nayo mpaka Webuye. Kadhalika genge la njia likitaka kung'oa reli husema ni kilometa ya ngapi, kazi gani, toka saa ngapi mpaka saa ngapi. Mtu akija kwa stesheni masta na kusema, "Nipe njia," bila kutaja gari wala mahali, hatapewa njia. Atapelekwa akapimwe pombe.

Lakini mtu huyo huyo wa reli, ambaye kazini hakubali ruhusa isiyo na mwanzo wala mwisho, jioni akiwa nyumbani hubonyeza kukubali mara nne mfululizo bila kuuliza. Hatumlaumu. Amechoka, na simu haikumwekea mahali pa kuuliza.

Sasa tueleze yaliyotufanya tuandike. Mkandarasi mmoja, ambaye hatulitaji jina lake kwa kuwa mazungumzo bado yaendelea, alichukua vibarua wa kufyeka kando ya njia na kubadili mataruma. Badala ya kitabu cha kutia sahihi asubuhi, kila kibarua alitakiwa kuwa na programu ya mahudhurio katika simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe. Programu ile iliomba vitu vinne: mahali alipo mtu, kamera, majina ya watu wake, na maikrofoni. Mmoja wetu alimwuliza nyapara maikrofoni ni ya nini katika kazi ya mataruma. Nyapara akasema, "Bonyeza tu, wote wamebonyeza." Mwenzetu mwingine akakubali mahali na kamera, akakataa hayo mawili yaliyosalia. Programu ikajifunga. Siku hiyo alifanya kazi kutwa, na genge zima lilimwona, lakini katika hesabu aliandikwa kwamba hakuja. Kesho yake vivyo hivyo. Mwisho wa majuma mawili alikatwa ujira wa siku mbili.

Katibu wa tawi akaandika barua kuuliza sababu ya kila ruhusa, moja moja. Jibu lilipokuja lilitushangaza, kwa maana tulikuwa tumejiandaa kupambana na hila, na hila haikuwapo. Mahali, walisema, ni kuhakikisha kwamba mtu yuko kazini anapojiandikisha. Kamera ni ya kupiga picha ya uso ili mtu asimwandikishe ndugu yake aliyelala. Haya mawili yanaeleweka, na hatukuyapinga. Ama maikrofoni na majina ya watu, ofisi yenyewe haikujua. Programu ilinunuliwa ikiwa tayari. Kwingine inatumiwa na wachuuzi wanaozunguka kuwapigia wateja simu na kunakili mazungumzo, na yaja kutoka kwa mtengenezaji milango yote ikiwa wazi. Hakuna aliyekaa chini na kuuliza ni milango ipi inahitajiwa na mtu wa mataruma. Wao waliinunua hivyo, wakatugawia hivyo.

Hapa ndipo twaomba wenzetu watulie kidogo, kwa sababu ndipo penye maana yote ya barua hii. Wengi hufikiri kwamba maelezo ni kwa faida ya msomaji tu. Sivyo. Faida ya kwanza ni kwamba yamlazimisha mwenye kuomba afikiri. Laiti programu ile isingeweza kuomba maikrofoni mpaka mtu mmoja aandike sababu yake, yule mtu angelikaa na kalamu na kuanza, "Twataka kusikiliza kwa simu ya kibarua wa reli kwa sababu," na hapo mkono ungesimama. Angeona mwenyewe kwamba hana sababu, na ule mlango angeufunga kabla programu haijafika Malaba. Mwenzetu asingepoteza ujira wa siku mbili, wala katibu asingenunua stempu.

Ujira ule umelipwa, twashukuru. Maikrofoni imeondolewa. Majina ya watu bado yanajadiliwa, na kuhusu mahali tumegundua jambo jingine: programu haikutazama mahali pa mtu anapojiandikisha tu, ilitazama usiku na mchana. Sasa ninyi mwajua mpaka wetu ulivyo. Huku watu wana mashemeji upande wa pili, wana mashamba, wana vikao vya matanga. Mtu aweza kunywa chai Busia ya Kenya na kula chakula cha jioni Busia ya Uganda, na hajavunja sheria yoyote. Je, ni haki ofisi ya mkandarasi ijue Jumamosi usiku amelala upande gani? Waliposema "mahali" sisi tulifikiri ni mahali pa kazi. Neno lilikuwa moja, maana zilikuwa mbili, na maelezo hayakuwapo ya kuzitenganisha.

Mtazame, kwa kulinganisha, malori yanayopita Malaba na Busia. Tangu 2017 mamlaka za kodi za Kenya, Uganda na Rwanda hufuatilia mizigo ya forodha kwa mfumo mmoja, kwa kufuli za elektroniki zinazofungwa katika lori au kontena. Dereva anajua kufuli ipo. Anajua yaulinda mzigo ambao haujalipiwa ushuru usishushwe njiani. Safari ikiisha kufuli yafunguliwa. Hakuna dereva anayetakiwa kulala na kufuli ile kitandani. Nasi hatukatai kufuatiliwa kwa kazi yenye sababu. Twakataa kufuli isiyosema yafunga nini.

Adha hii wengi wetu tuliionja kwanza kwa mlango mwingine, mikopo ya simu. Programu za mikopo zilipoingia Kenya zilipendwa sana, na haki yake, kwa maana benki haimkopeshi kibarua shilingi mia tano ya kununulia mtoto dawa usiku. Lakini nyingi ziliomba zifungue majina ya watu waliomo katika simu. Mkopaji alikubali, kwa kuwa mtoto analia. Akichelewa kulipa, ujumbe ukaanza kwenda kwa mkubwa wake wa kazi, kwa mwalimu wa watoto, kwa mama mkwe. Kwetu sisi mama mkwe ni mtu ambaye hata njia twampisha. Leo anapigiwa simu na mgeni akiambiwa kwamba mkwewe ni mwizi.

Serikali ilichukua hatua. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Bibi Immaculate Kassait, akashika kazi mwaka uliofuata. Benki Kuu nayo ilipewa uwezo juu ya wakopeshaji wa simu mwishoni mwa 2021, na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Mwezi wa Aprili 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya shilingi 5,000,000. Septemba mwaka huo huo kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa wengine, na kuwapelekea ujumbe na simu za vitisho. Hata Google, ambayo ndiyo yenye duka la programu za simu za Android, ilikataza kuanzia tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo ya watu binafsi zisifungue majina wala picha zilizomo katika simu.

Tunayafurahia haya. Lakini tukumbuke kwamba programu zile kwa kawaida hazikuvunja mlango. Mwenye simu alibonyeza mwenyewe kukubali. Lililokosekana ni sentensi moja. Lau ingeandikwa pale pale, "Twataka majina ya watu wako ili ukichelewa kulipa tuwapigie," ni nani angekubali? Na wangeandika vingine, kwamba majina ni ya kumtambua mkopaji tu, basi wangekuwa wamejifunga kwa maneno yao. Ndiyo sababu walipenda kunyamaza. Tena mama mkwe yeye hakubonyeza kitu. Namba yake ilitolewa na mkwewe bila habari, na mkwewe hakujua anaitoa kwa kazi gani.

Lazima tuseme haki pia kwa watengenezaji, maana wako waaminifu ambao kunyamaza huwaumiza wao wenyewe. Chukua mfano wa programu ya tochi. Miaka ya nyuma programu za tochi katika simu za Android ziliomba ruhusa ya kamera, na watu wakapiga kelele kwamba tochi yataka kuwapiga picha. Kumbe ile taa ni sehemu ya kamera, na simu za wakati ule hazikuwa na njia nyingine ya kuiwasha. Vivyo hivyo, kwa miaka kadhaa programu iliyotaka kutafuta kifaa cha bluutuuthi, kama mizani au spika, ilibidi iombe ruhusa ya mahali, kwa kuwa mfumo wa simu ulitaka hivyo. Mtu mwaminifu akaonekana mwizi kwa kukosa mstari mmoja wa maelezo. Lakini tochi nyingine ilikuwa mwizi kweli. Desemba 2013 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilimshitaki mtengenezaji wa tochi iliyoitwa Brightest Flashlight, ambayo mamilioni ya watu walikuwa wameitia katika simu zao, kwa kupeleka habari za mahali walipo kwa makampuni ya matangazo bila kuwaambia. Tochi mbili hizi zilimulika sawasawa. Mtu angezitenganishaje, kama hakuna inayotakiwa kutaja sababu?

Kwamba jambo hili lawezekana si ndoto yetu. Mpaka 2015 mwenye simu ya Android aliulizwa mambo yote kwa pamoja wakati wa kutia programu, akubali yote au aikose. Mwaka huo toleo la sita likaleta desturi ya kuuliza kila jambo kwa wakati wake, wakati programu inapolihitaji, na hiyo ilikuwa hatua njema. Kisha 2020 likaja toleo lililomwezesha mtu kutoa ruhusa kwa mara moja tu, na lililozirudisha nyuma ruhusa za programu ambayo haijatumiwa miezi kadhaa. Lakini sababu bado haikulazimishwa. Katika Android mtengenezaji aweza kueleza akipenda, na asipopenda sanduku la swali latokea vile vile. Katika simu za Apple ni tofauti. Tangu 2016 mtengenezaji asipoandika sababu ya kutaka kamera, maikrofoni au majina ya watu, na programu ikajaribu kuvigusa, mfumo huizima papo hapo. Haimwambii mtumiaji neno, yaanguka tu. Sisi hatuna haja ya kusifu simu ya Apple, ambayo bei yake yamzidi kibarua. Twasema tu kwamba kilichowezekana kwa simu ya tajiri kinawezekana kwa simu ya mtu wa mataruma. Na tuongeze kwamba hata huko sababu nyingine huandikwa ovyo, "ili kukuhudumia vyema." Hiyo si sababu. Stesheni masta hataandika katika ruhusa ya njia kwamba gari laenda mbele kwa ajili ya huduma bora.

Kuna na shida ya lugha. Mwenzetu mmoja, mzee wa geti la reli, aliweka simu yake ya Android katika Kiswahili, jambo la kusifiwa. Programu ikamwuliza kama airuhusu ifikie anwani zake. Akafikiri ni sanduku lake la posta. Akasema anwani yake hata tarishi anaijua, akakubali. Kumbe anwani katika Kiswahili cha simu hizo ni majina na namba zote za watu ulizoweka, tangu paroko mpaka fundi wa baiskeli. Mzee si mjinga; neno lile amelijua tangu shule ya misheni, ambako tulifundishwa kuiandika juu ya barua upande wa kulia. Aliyelitafsiri hakukosa sana naye. Ila neno moja haliwezi kubeba mzigo wote, na hapo ndipo sentensi ya sababu ingemwokoa: "Twataka kuona majina na namba ulizoandika katika simu, ili umchague unayempelekea fedha." Hapo mzee angejua ni nini kinachoombwa, na angejua pia kama anataka kupeleka fedha au la.

Wako wanaotupinga, na wengine ni watu wa akili. Husema watu hawasomi. Ukiandika sababu watabonyeza tu. Ni kweli kwamba wengi watabonyeza. Hata katika mkataba wa kazi wengi hutia sahihi bila kusoma. Lakini hatujasikia mtu akisema kwa hiyo mikataba iandikwe tupu. Katika genge la watu ishirini atasoma mmoja, naye atawaambia wengine wakati wa chai, na ndivyo chama kilivyoanza. Tena wanaosema hivyo huwaza kurasa arobaini za maandishi madogo ya wanasheria. Hizo sisi pia hatuzisomi. Twataka mistari miwili.

Wengine husema mwongo ataandika uongo. Ataandika. Lakini uongo ulioandikwa una faida moja, kwamba wakaa. Yule wa tochi ya Marekani alikamatwa kwa sababu aliyoyaandika na aliyoyaacha kuandika hayakulingana na aliyoyatenda. Sheria yetu ya 2019 inasema kwamba habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa waziwazi, wala zisitumiwe kwa njia isiyopatana na kusudi hilo. Na kwamba ni juu ya mwenye kukusanya kuthibitisha kwamba mwenye habari alikubali. Basi kusudi likiandikwa pale pale penye swali, mwenye kulalamika ana kitu cha kuonyesha. Lisipoandikwa, ni neno la kibarua mbele ya neno la kampuni, na twajua mizani hiyo hulalia upande gani.

Na wako wakubwa wa kazi wanaosema simu ni yako, kubonyeza ni hiari yako. Mtu ambaye akikataa huandikwa kwamba hakuja kazini hana hiari. Sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba katika kupima kama mtu amekubali kwa hiari, litazamwe kama mkataba ulifungwa juu ya kukubali mambo ambayo mkataba wenyewe hauyahitaji. Maikrofoni haihitajiwi na taruma.

Babu zetu waliufahamu mwanzo wa habari hii. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutumiwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari zilizoandikwa na bwana aliyemwajiri, katika kibweta cha bati shingoni. Wengi waliokichukua hawakuweza kusoma kilichoandikwa ndani. Harry Thuku na wenzake walikipinga wazi katika 1921 na 1922. Hatusemi simu ni kipande, maana simu twainunua wenyewe na yatufaa. Twasema tu kwamba kubeba habari zako mwenyewe bila kujua zasomwaje na nani ni jambo ambalo nchi hii ilikwisha likataa.

Kuna kifungu kimoja ambacho kila mwakilishi wa wafanya kazi anakijua kwa moyo, cha 41 katika Sheria ya Ajira ya 2007. Chasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa makosa, kwa utendaji duni wa kazi au kwa udhaifu wa mwili, lazima amweleze sababu, katika lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama pale anapoelezwa. Hebu litazameni lile neno: lugha anayoifahamu. Waliotunga kifungu kile hawakusema kwamba mfanya kazi hatafahamu hata akielezwa. Walisema aelezwe. Sisi hatuombi haki mpya iliyotoka mbinguni. Twaomba desturi hii hii iingie katika simu, kwa kuwa kazi yenyewe imeingia katika simu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba chama kikatae programu yoyote kuwekwa katika simu ya mwanachama kwa ajili ya kazi mpaka mwajiri alete kwa tawi barua yenye sababu ya kila ruhusa inayoombwa, kwa Kiswahili, na iseme saa ambazo ruhusa hiyo hufanya kazi na siku ambayo habari zitafutwa. Ruhusa isiyo na sababu iondolewe kabla ya kugawiwa, si baada ya mtu kukatwa ujira. Atakayekataa ile isiyohitajiwa asifungiwe ile inayohitajiwa, na kitabu cha sahihi kibaki pale pale kwa nyapara, kwa ajili ya asiye na simu ya namna hiyo au aliyeishiwa chaji. Mwajiri anayetaka simu nzima, masikio na macho, na anunue simu yake ampe mfanya kazi asubuhi na kuichukua jioni, kama vile atoavyo tindo na nyundo. Ama kwa serikali, twataka ofisi ya Kamishna iwaagize watengenezaji na wenye maduka ya programu kwamba mpango unaotoka nao kiwandani uwe milango imefungwa, na kila mlango ufunguliwe kwa sababu iliyoandikwa. Sheria ya 2019 yazungumza juu ya kulinda habari tangu katika utengenezaji na katika mpango wa asili wa programu. Maneno yapo, yatiwe meno.

Mpaka hapo, kila mmoja afanye hivi. Fungua simu yako mahali palipoandikwa Mipangilio, kisha Programu, chagua programu ya kazi, kisha Ruhusa. Andika katika karatasi yote yaliyoruhusiwa, na mbele ya kila moja andika sababu uliyoambiwa. Kama hukuambiwa, acha wazi. Waendesha bodaboda na wachuuzi wa sokoni ambao si wanachama lakini wana programu za namna hii katika simu zao wakaribishwe waje na karatasi zao pia. Anayetaka kulalamika kwa Kamishna ajue kwamba sheria yamruhusu kusema kwa mdomo au kuandika, na lalamiko lake lapaswa kuchunguzwa na kumalizwa katika siku 90. Katibu atamsaidia yeyote asiyejua pa kuanzia. Karatasi ziletwe mkutanoni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada, nasi tutazisoma mbele ya wote bila kutaja majina.